Kikulacho Ki Ndani ya Fomu

Mtu anapoagiza bidhaa mtandaoni na kubonyeza kitufe cha kutuma, yeye huona fomu moja tu. Seva inayoipokea huona mengi zaidi. Hupokea agizo, ndani ya agizo mna mteja, ndani ya mteja mna anwani, ndani ya anwani mna mkoa, wilaya, kata na postikodi. Kando yake kuna orodha ya bidhaa, na kila bidhaa ina idadi na bei yake. Waandishi wa programu huliita kila fungu la namna hiyo kitu, na kitu kikishakuwa na vitu vingine tumboni mwake, kazi ya kukihakiki hubadilika. Kuhakiki jina la mteja ni rahisi: lisiwe tupu, lisizidi herufi kadhaa. Lakini nani anahakikisha kwamba bidhaa ya pili katika orodha haikuagizwa kwa idadi ya -3? Idadi hiyo ikipenya, mfumo utaizidisha kwa bei, utapata namba hasi, utaijumlisha na nyingine, na jumla ya malipo itashuka. Mnunuzi ataondoka na televisheni kwa bei ya redio, wala hakuna nywila iliyovunjwa.

Wanaotengeneza mifumo ya namna hii hawaanzi na ukurasa mtupu. Hutumia kiunzi, yaani msimbo ulioandikwa tayari unaopokea maombi kutoka kwenye kivinjari, ukayapanga na kuyakabidhi panapohusika. Java ina Spring, Ruby ina Rails, Python ina Django, PHP ina Laravel, C# ina ASP.NET Core. Kila kimoja kina utaratibu wake wa uhakiki, na ni utaratibu mzuri: mwandishi hutaja kanuni mara moja, kiunzi huitekeleza kila ombi linapoingia. Tatizo liko kwenye kina. Zana kadhaa za uhakiki hukagua tabaka la juu na kuishia hapo mpaka ziambiwe zishuke, na zisipoambiwa hazilalamiki. Kimya hicho ndicho kiini cha hatari. Kanuni inayofaa ni kinyume chake: kila tabaka la data inayotoka nje lihesabiwe kuwa geni mpaka likaguliwe, na ukaguzi uachwe pale tu mtu alipoandika waziwazi kwamba uachwe.

Tuanze na Java. Mwaka 2009 kilikamilishwa kiwango kiitwacho Bean Validation, chini ya namba JSR 303, na maktaba ya Hibernate Validator ikawa utekelezaji wake wa mfano. Kwa kiwango hicho mwandishi huweka alama juu ya uga, yaani juu ya nafasi moja ya data: @NotNull kuudai uwepo, @Size kuupima urefu, @Min kuuwekea kiwango cha chini. Tuseme darasa la Anwani lina uga wa postikodi unaodai tarakimu tano, kama zilivyo postikodi za Tanzania na Kenya, na darasa la Agizo lina uga wa anwani. Agizo likihakikiwa, je, postikodi itakaguliwa? Haitakaguliwa, isipokuwa juu ya uga wa anwani pamewekwa alama nyingine, @Valid, inayoamuru ukaguzi ushuke. Alama hiyo ikisahauliwa, kanuni ya tarakimu tano hubaki imeandikwa vizuri, inasomeka, inamridhisha anayepitia msimbo, na haifanyi kazi. Hata @Valid ikiwepo, bado kuna upenyo: anwani isipoletwa kabisa huhesabiwa kuwa halali, kwa kuwa hakuna kitu cha kushukia. Anayeitaka lazima aongeze @NotNull. Orodha ya bidhaa nayo ikija tupu hupita bila swali hadi pawekwe @NotEmpty. Kwa hiyo agizo lisilo na anwani wala bidhaa linaweza kuvuka ukaguzi ambao kila kanuni yake, ikisomwa peke yake, ni sahihi.

Tabia hii haiko Java peke yake. Kwa upande wa Microsoft, alama zilezile za uhakiki hutenda tofauti kutegemea nani anaziita. ASP.NET Core MVC ikipokea ombi hushuka yenyewe ndani ya vitu, kwa kikomo cha kawaida cha tabaka 32. Lakini mwandishi akiita mwenyewe kazi ya Validator.TryValidateObject, haishuki kwenye vitu vya ndani. Na asipoiagiza ikague nyuga zote, hata katika tabaka la juu huangalia tu kama nyuga za lazima zimejazwa. Wanaoandika TypeScript wana mtego wao. Aina za data walizozitangaza hufutwa msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript, hivyo kutangaza kwamba uga fulani ni wa aina ya Anwani hakumzuii mtu kutuma namba mahali pake. Ndiyo sababu watumiaji wa kiunzi cha NestJS huweka alama mbili, ya kuamuru ukaguzi ushuke na ya kutaja darasa la kitu cha ndani, kwa maana programu ikiwa kazini haijui yenyewe, hasa kwenye orodha, kwamba vilivyomo ni vya darasa gani.

Wapo pia walioamua vingine. Pydantic, maktaba ya Python ambayo kiunzi cha FastAPI kimejengwa juu yake, hushuka bila kuombwa: ukitangaza kwamba agizo lina anwani, anwani itahakikiwa, na isipokuwepo ombi litakataliwa mpaka useme kwamba si lazima. Django REST Framework, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2014, iliweka msimamo huohuo kwenye kuhifadhi: data ya ndani ikitakiwa kuandikwa kwenye hifadhidata na mwandishi hajaeleza iandikwe vipi, husimama na kutoa kosa badala ya kubahatisha. Kinachoyatofautisha makundi haya mawili ni jibu la swali moja: mwandishi akisahau, nani ataumia? Katika kundi la kwanza ataumia mwenye mfumo, pengine baada ya miezi, bila kujua alipoumizwa. Katika kundi la pili atasumbuka mwandishi mwenyewe, siku hiyohiyo, programu ikigoma mbele yake. Usumbufu wa aina ya pili ni nafuu.

Hasara ya kimya hiki imekwishaonekana hadharani. Machi 2012, Egor Homakov, mwandishi wa programu kutoka Urusi, alionyesha kasoro katika GitHub, mtandao wa kuhifadhia msimbo ambao wenyewe ulijengwa kwa Rails. Fomu ya kusajili ufunguo wa umma, unaomtambulisha mtumiaji anapotuma msimbo, ilituma kitu kiitwacho public_key. Homakov aliongeza ndani ya kitu hicho uga ambao fomu haikuwa nao, user_id, akaujaza namba ya mtu mwingine. Seva ilikichukua kitu kizima na kukihifadhi kama kilivyokuja. Ufunguo wake ukasajiliwa kwa jina la mmoja wa wanamradi wa Rails, naye akaweza kuandika ndani ya hazina ya msimbo wa Rails wenyewe. Nyuga zilizotarajiwa zote zilikuwa sawa. Kilichodhuru ni uga ambao hakuna aliyeutarajia, na kwa hiyo hakuna aliyeutungia kanuni. Rails 4, iliyotoka mwaka 2013, ilimlazimisha mwandishi kutaja nyuga anazoziruhusu, za kitu cha nje na za vitu vya ndani, na zisizotajwa huachwa nje. Hata hivyo tatizo halikwisha duniani: shirika la usalama wa programu la OWASP liliupa udhaifu huu nafasi yake katika orodha ya mwaka 2019 ya hatari kumi za API, yaani njia ambazo programu hutumia kuwasiliana, na mwaka 2023 likaujumuisha katika kundi pana zaidi.

Tukio la pili linaonyesha kina kinaweza kufika wapi. Spring husoma jina la uga lenye nukta kama njia: anwani.mtaa maana yake ni ingia kwenye anwani, kisha weka mtaa. Ni urahisi mkubwa kwa mwandishi. Lakini kila kitu cha Java, hata mwandishi asipokiweka, kina uga wa class unaoeleza darasa lake. Mwaka 2010 iligundulika kwamba njia inayoanza na class.classLoader ilimfikisha mtumaji kwenye sehemu nyeti za seva, na Spring ikaziba kwa kuikataza njia hiyo kwa jina. Mwaka 2017 Java 9 ilileta moduli, na pamoja nazo njia mpya: class.module.classLoader. Katazo la zamani halikuijua. Machi 2022 kasoro hiyo ikajulikana ulimwenguni kwa jina la Spring4Shell, namba CVE-2022-22965. Kwenye mifumo iliyosimikwa kwa namna fulani juu ya Tomcat, programu ya seva ya Java, mdukuzi aliweza kubadili mipangilio ya kumbukumbu za matukio ya seva ili ziandike faili lenye msimbo wake, kisha akaliendesha. Tiba iliyotolewa tarehe 31 Machi 2022 iligeuza mantiki: chini ya class zikaruhusiwa nyuga za majina tu, nyingine zote zikafungwa. Orodha ya makatazo hupitwa na wakati kila lugha inapokua. Orodha ya ruhusa haipitwi hivyo, kwa kuwa kila kipya huanza kikiwa nje.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni malipo ya simu. Mfanyabiashara wa Kenya anayepokea M-Pesa kwenye tovuti yake kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hutuma ombi, mteja huweka PIN kwenye simu, kisha majibu hurudi kwa seva ya mfanyabiashara yakiwa kitu ndani ya kitu. Kwa nje kuna Body. Ndani yake stkCallback. Ndani yake mna ResultCode, na malipo yakifanikiwa mna CallbackMetadata yenye orodha iitwayo Item. Kila kipengele cha orodha hiyo ni jozi ya jina na thamani: kiasi kilicholipwa, namba ya risiti, tarehe, namba ya simu. Malipo yakifaulu ResultCode ni 0. Mteja akighairi huwa 1032, na CallbackMetadata haipo kabisa. Sasa mwandishi afanye nini? Akiifanya CallbackMetadata kuwa ya lazima siku zote, atakuwa anakataa taarifa halali za kughairi, na maagizo yataning'inia yakisubiri. Akiifanya ya hiari siku zote, atakubali taarifa ya kufaulu isiyo na risiti. Kanuni sahihi inavuka matabaka: CallbackMetadata ni ya lazima pale ResultCode inapokuwa 0. Na juu ya hilo kuna swali ambalo umbo haliwezi kulijibu: je, kiasi kilichotajwa ndani kabisa ya orodha kinalingana na bei ya agizo, na namba ya ombi ni ile seva iliyopewa ilipotuma ombi? Ujumbe unaweza kuwa na umbo kamilifu na ukawa wa uongo. Kushuka hadi chini kabisa ni sharti la kuweza hata kuliuliza swali hilo.

Wapo wanaopinga ukaguzi wa kina hiki, na hoja zao zina uzito. Wengine husema fomu kwenye kivinjari inakagua tayari: kisanduku cha idadi hakikubali namba hasi, kwa hiyo seva inarudia kazi. Ukaguzi wa kivinjari una faida, humsaidia mtu mwaminifu kuona kosa kabla ya kutuma. Lakini kivinjari kiko mikononi mwa mtumaji. Anayetaka anaweza kuiacha fomu kabisa na kutuma data aliyoiandika mwenyewe kwa programu kama curl, na seva haina njia ya uhakika ya kujua kama fomu iliwahi kufunguliwa. Wengine husema hifadhidata ndiyo ngome ya mwisho. Ni kweli pale kila kitu cha ndani kinapopata jedwali lake lenye masharti yake. Siku hizi, hata hivyo, vitu vya ndani mara nyingi huhifadhiwa vizima katika safu moja ya JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi yenye mabano, jambo ambalo PostgreSQL imeliruhusu tangu mwaka 2012. Safu hiyo huangalia kama mabano yamefungwa na alama ziko mahali pake. Haijui kwamba idadi ya televisheni haiwezi kuwa -3 mpaka mtu aitungie sharti. Na hata jedwali lenye masharti hukataa kwa kuchelewa, pengine barua pepe ya kuthibitisha agizo ikiwa imekwishatumwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la gharama. Vitu huweza kurejeana: mteja ana maagizo, kila agizo lina mteja, na anayeshuka bila kuangalia atazunguka bila mwisho. Vingine viko bado kwenye hifadhidata, na kuvigusa tu ni kuviita vyote kwenye kumbukumbu ya seva. Hoja hii ni ya kweli, ila majibu yake yamo ndani ya viwango vyenyewe. Bean Validation haihakiki tena kitu ilichokwishakutana nacho katika njia ileile, na vitu vya hifadhidata visivyopakiwa bado inaweza kuviruka. Zaidi ya hapo, data inayoingia kwa JSON ni kama mti, haina namna ya kujirejea yenyewe. Mzunguko ni tatizo la vitu vilivyomo ndani ya mfumo. Anayetenga darasa la kupokelea data na darasa la kuhifadhia atakuwa ameliondoa tatizo kubwa. Kinachobaki ni mtu atakayetuma maelfu ya mabano yaliyoingiliana ili kuichosha seva, na hapo dawa ni kikomo: json_decode ya PHP huishia tabaka 512, System.Text.Json ya .NET huishia 64, na Jackson ya Java imeweka 1000 tangu toleo la 2.15 la mwaka 2023. Agizo la televisheni halihitaji hata kumi.

Wengine huuliza kuhusu mazingira. Anwani ni ya lazima kwa anayeletewa mzigo, si ya lazima kwa anayeufuata dukani. Kwa nini basi kuifunga kwa kanuni moja? Isifungwe. Bean Validation ina makundi ya kanuni kwa kazi hiyohiyo, na mahali pengine huandikwa madarasa mawili, moja kwa kila hali. Kanuni hubadilika kulingana na hali. Haja ya kuwa na kanuni haibadiliki. Karibu na hoja hiyo kuna ile ya ukarimu, inayotokana na ushauri wa Jon Postel wa mwaka 1980 katika maelezo ya itifaki ya TCP, kwamba anayetuma awe makini na anayepokea awe mvumilivu. Ukikataa kila uga usiojulikana, husema watetezi wake, mshirika akiongeza uga mmoja mfumo wako utakwama. Mwaka 2023 bodi inayosimamia usanifu wa intaneti ilitoa waraka RFC 9413 ukieleza jinsi uvumilivu huo unavyoacha makosa yakaota mizizi. Lakini huhitaji kuchagua upande mmoja kikamilifu. Uga usiojulikana unaweza kuachwa bila kukataa ombi zima, mradi usiguse kitu chochote ndani ya mfumo. Kilichoiumiza GitHub ni uga wa ziada kupokelewa na kutumika.

Uhakiki wa kina una faida nyingine isiyohusu wadukuzi. Ukaguzi unaposhuka huku ukikumbuka njia uliyopita, unaweza kusema kosa liko wapi. Spring huitunza njia hiyo tabaka kwa tabaka, na Laravel humruhusu mwandishi kuandika bidhaa.*.idadi akimaanisha idadi ya kila bidhaa. Matokeo yake, kosa hurudi na anwani yake, mathalani bidhaa[1].idadi, ambayo kwa kuwa kompyuta huhesabu kuanzia sifuri ni bidhaa ya pili. Ukurasa unaweza kukitia rangi kisanduku hichohicho na kusema idadi iwe kuanzia moja. Mfumo usioshuka hugundua kosa mahali pengine, na kumwambia mteja tu kwamba data si sahihi. Aliyejaza bidhaa kumi na tano kwenye simu yenye kifurushi kinachokaribia kwisha hataanza upya. Atahamia duka jingine.

Kwa wanaoandika programu, kazi inayotakiwa si kubwa: pale kiunzi kinaposubiri kuagizwa kishuke, andikeni jaribio linalotuma kitu cha ndani kibovu, kitu cha ndani kisichokuwepo, orodha tupu, na uga usiotajwa popote, kisha mhakikishe vitatu vya kwanza vinakataliwa na cha nne hakifanyi lolote. Majaribio hayo manne hubaki macho hata mwandishi mpya anapoongeza darasa na kusahau alama. Kwa wanaolipia mifumo, wawe ni wenye maduka, vyama vya ushirika, shule au ofisi za umma, hakuna haja ya kujua Java wala Python ili kudai ukaguzi huo. Siku ya kukabidhiwa, mwombeni fundi atume mbele yenu, bila kutumia fomu, agizo lenye idadi ya -3 katika bidhaa ya pili. Likikubaliwa, msitie saini.